Kasongo na Kabambare: mvua ya zamani iliandikwa wapi?

Kila msimu, mkulima wa mpunga wa Kasongo au Kabambare hujiuliza kama mvua itafika kwa wakati. Wazee husema zamani haikuwa hivi. Ni maandishi gani yanayoweza kuwashuhudia?

Wakati wa Wabelgiji, shirika la kilimo la INEAC, lililoundwa 1933, lilikuwa na vituo vya kupima mvua Kongo. Baada ya uhuru wa 1960, maasi ya 1964 na vita vya baadaye, vituo vingi nchini vilikufa. Daftari likabaki na kurasa tupu.

Kurasa hizo zilianza kujazwa kutoka angani. Tarehe 23 Julai 1972 Marekani ilirusha setilaiti ya ERTS, ambayo baadaye iliitwa Landsat 1. Nchi yetu, wakati huo Zaire, ikaunda ofisi ya ERTS-Zaïre kwa kazi ya picha hizo. Mwaka 1977 Ulaya ikarusha Meteosat, ya kutazama mawingu.

Setilaiti hiyo haikingi mvua kwa ndoo. Inapima joto la juu ya wingu: wingu refu la mvua kubwa huwa na kilele cha baridi kali. Wataalamu hulinganisha kipimo hicho na mvua iliyopimwa chini, ndipo wanapata makadirio. Leo yapo makadirio ya mvua tangu 1981, kwa kila kipande cha kilometa 5 hivi, hata bonde la mto Luama.

Misitu nayo imeandikwa. Mwaka 2008 picha za Landsat zilianza kutolewa bure. Shirika la OSFAC la Kinshasa, pamoja na vyuo vikuu vya Marekani, likazisoma: kati ya 2000 na 2010 Kongo ilipoteza karibu asilimia 2.3 ya misitu yake.

Lakini jicho la juu hukosea. Wingu baridi laweza kupita bila kunyesha. Wingu la chini, lisilo baridi sana, laweza kulowesha shamba bila kuhesabiwa. Kosa hilo husahihishwa na kipimo cha ardhini, na vipimo ndivyo vilivyopungua.

Kwa hiyo kipimo cha mvua kwenye shule au misheni ya Kabambare, kikisomwa kila asubuhi na kuandikwa, si kazi ya kizamani. Bila hicho, historia ya mvua yetu itaandikwa kwa kukisia, na mkulima atapanda kwa kukisia vilevile.