Msanii ni Mgeni wa Nani? Habari za Nyangwe, Yellowstone na Kabara

Neno rezidansi sisi huku tunalijua kama nyumba ya gavana, yenye polisi mlangoni. Wasanii wanalitumia kwa maana nyingine. Kwao ni mwaliko: mchoraji, mwandishi au mpiga muziki anapewa mahali pa kukaa kwa majuma machache, alale, apike, atembee na afanye kazi yake. Kule Marekani desturi hii imeingia mpaka ndani ya hifadhi za taifa, hizi ambazo sisi tunaziita parki. Parki ya Rocky Mountain ilianza kuwapokea wasanii mwaka 1984, ikiwapa nyumba ya mbao kwa wiki mbili. Anayetaka nafasi anaandika maombi, anatuma mifano ya kazi zake na kueleza atafanya nini. Akikubaliwa anazungumza na watu wanaotembelea parki, kisha anaiachia parki kazi yake moja.

Mtu atauliza: habari hii inafanya nini katika kijitabu cha mila? Jibu letu ni kwamba kupokea mgeni ni mila, tena ya kwanza kabisa, na Nyangwe imepokea wageni wa kila namna. Lakini kwanza tutoke kidogo nje, kwa sababu mwaka mmoja, 1871, unatuunganisha na chanzo cha mambo haya.

Katika mwaka huo mchoraji Thomas Moran alitaka kwenda Yellowstone, nchi ya chemchemi za moto. Serikali ya Marekani ilikuwa inatuma huko msafara wa wapimaji chini ya Ferdinand Hayden. Ofisi ya tajiri Jay Cooke, aliyekuwa na maslahi katika njia ya reli ya upande ule, ilimwandikia Hayden barua ya kumwombea Moran nafasi. Fedha za safari alizipata kwa mkopo. Basi hayo ndiyo yalikuwa maombi yake: barua ya mkubwa mmoja kwa mkubwa mwenzake, na nyuma yake reli iliyotaka abiria. Mwezi wa Julai 1871 Moran alikuwa huko akichora, pamoja na mpiga picha William Henry Jackson. Michoro na picha zao zilioneshwa kwa wabunge, na tarehe 1 Machi 1872 sheria ikatiwa sahihi, Yellowstone ikawa parki ya taifa. Mwaka huohuo bunge lilinunua mchoro mmoja mkubwa wa Moran kwa dola 10,000. Wenyeji waliokuwa wakiwinda na kukaa katika milima ile, Washoshone na wengineo, hawakuandikiwa barua na mtu. Miaka iliyofuata waliondolewa.

Julai hiyohiyo, hapa Nyangwe, alikuwepo David Livingstone. Hakuwa mchoraji wa kazi, ingawa alichora samaki na vitu vingine katika daftari zake. Alifika mwisho wa Machi 1871, akakaa karibu miezi minne. Ombi lake lilikuwa moja: mitumbwi ya kuvuka na kuushuka Lualaba. Wagenya, wenye mto na wenye mitumbwi, hawakumpa. Walikuwa wamekwisha kuona bunduki za watu aliofikia kwao, na wakahesabu kwamba mgeni anayekaa na wenye bunduki ni wa kundi moja nao. Kwa lugha ya leo tungesema maombi yake hayakukubaliwa, na sisi tunaona wenye mto walikuwa na haki.

Akabaki kusubiri, na katika kusubiri akawa mtazamaji wa soko. Karatasi zilimwishia. Aliandika juu ya kurasa za gazeti la zamani, akivuka mistari iliyochapishwa, na wino wake ulitengenezwa kwa mbegu za mmea wa hapa. Kwa hiyo hata rangi ya maandishi yale ilitoka katika ardhi yetu. Aliandika juu ya wanawake waliotoka ng'ambo na mizigo ya samaki, kuku, chumvi, vyungu, namna walivyobishana bei na kucheka. Aliwahesabu, akapata zaidi ya elfu siku za soko kubwa. Tarehe 15 Julai watu wa Dugumbe, mfanyabiashara aliyetoka pwani, walianza kupiga risasi ndani ya soko. Watu walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikazama. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Tarehe 20 Julai Livingstone aliondoka kurudi Ujiji. Habari aliyoipeleka ilisomwa Ulaya na kuongeza nguvu ya wale waliotaka kufunga soko la watumwa la Unguja, jambo lililofanyika mwaka 1873. Wino ule ulififia hata maandishi hayasomeki. Mwaka 2011 wataalamu waliyachapisha upya, baada ya kuzipiga picha kurasa zile kwa mianga ya rangi mbalimbali.

Tazameni tofauti. Moran alikaa katika nchi ambayo ilitakiwa ionekane tupu. Livingstone alikaa sokoni, akarudi na watu ndani ya kurasa zake. Hatusemi mmoja alikuwa mwema na mwingine mbaya. Tunasema tu kwamba mahali mgeni anapolala na nani anayempa ruhusa vinaingia ndani ya kazi yake, apende asipende.

Hapa Kongo, parki ya kwanza ilikuwa Parki Albert, leo Virunga, iliyoundwa tarehe 21 Aprili 1925. Mfalme Albert alikuwa ametembelea Marekani mwaka 1919 na kuoneshwa parki za kule, na Carl Akeley wa jumba la makumbusho la New York alimsihi awalinde sokwe wakubwa wa milimani, yaani gorila. Mwaka 1926 Akeley alirudi pamoja na mchoraji William Leigh. Walipanda mpaka Kabara, kwenye mgongo wa mlima Mikeno, zaidi ya mita 3,000, penye baridi, ukungu na mvua. Tarehe 17 Novemba Akeley alifariki palepale, akazikwa. Wenzake walibaki kumaliza kazi: Leigh akichora milima katika tundu za ukungu, wengine wakikusanya majani ili wayaige kwa nta. Kazi ile iko New York mpaka leo katika ukumbi uliofunguliwa mwaka 1936. Gorila wamesimama mbele, na nyuma yao ni milima ya Leigh. Mtu hamna. Hamna hata mpagazi aliyebeba turubai na rangi mpaka juu, wala aliyefyeka njia. Kumbe parki ilipopanuliwa baadaye, wenye mashamba waliondolewa, na ugomvi wa mipaka ile haujaisha.

Kwetu Maniema tuna sehemu ya parki ya Maiko tangu mwaka 1970, na tangu Julai 2016 tuna Lomami, kaskazini-magharibi yetu, karibu kilometa za mraba 8,900. Ya Lomami ilikuwa na jambo ambalo Yellowstone haikulijua: kabla ya mipaka kupitishwa, wazee wa vijiji walifanya tambiko, wakawaomba wahenga wakubali. Maombi yalipelekwa kwanza kwa wenye msitu, walio hai na waliotangulia, ndipo karatasi zikaenda Kinshasa.

Ikitokea siku moja parki hizi zikaanza kupokea wasanii, tungependa fomu ya maombi iwe na maswali mengine pamoja na yale ya kawaida. Msanii atamwamkia chifu yupi kabla ya kufungua rangi zake? Atakula kwa nani? Waliombebea mizigo watatajwa kwa majina? Na ile kazi moja ya kuachwa itaachwa ofisini, au kijijini ambako watoto wataiona? Tungependa pia wa kwanza kuomba wasiwe wageni wa mbali tu. Mchonga mitumbwi wa Kigenya na mfumaji wa mikeka wa Kabambare nao wana mifano ya kazi ya kutuma. Kuandika barua ya maombi ni jambo la jioni moja, na chama chetu kina watu wanaoweza kuwasaidia kuiandika.