Bei ya Jeraha: Historia ya Kupima Ulemavu wa Askari wa Marekani

Tarehe 26 Agosti 1776, majuma machache baada ya makoloni ya Marekani kutangaza uhuru, Kongresi, yaani baraza la wawakilishi wa makoloni hayo, ilipitisha sheria iliyomwahidi kila ofisa, askari au baharia aliyepoteza kiungo vitani, au aliyeumizwa hata akashindwa kujitafutia riziki, nusu ya mshahara wake kwa muda wote ambao ulemavu huo ungedumu. Katika sheria hiyo ya mwanzo tayari umo msingi ambao haujang'oka hadi leo: kinachofidiwa ni uwezo wa kujipatia kipato, na maumivu yenyewe hayana bei.

Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe viliilazimu serikali kuutafsiri msingi huo kwa tarakimu. Sheria ya mwaka 1862 ilimpa askari wa kawaida mwenye ulemavu kamili dola 8 kwa mwezi, wakati mshahara wake vitani ulikuwa dola 13, ilhali luteni kanali na waliomzidi cheo walipewa dola 30 kwa jeraha lile lile. Ulemavu kamili ulimaanisha kutoweza kabisa kazi ya mikono, na ndiyo sababu karani aliyepoteza mguu na mkulima aliyepoteza mguu walipimwa kwa kipimo cha jembe. Tangu mwaka 1872, kupoteza mkono mmoja au mguu mmoja kulilipwa dola 18, na madaktari waliowakagua waombaji wakazoea kuandika madhara mengine kama sehemu za kiasi hicho: mtu mwenye baridi yabisi au ngiri aliweza kutoka chumba cha ukaguzi akiwa na cheti kilichosema 6/18, na mkate wa familia yake ukategemea sehemu hiyo.

Sheria ya mwaka 1917, iliyotungwa Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza, iliondoa tofauti ya cheo katika fidia, ikazingatia mke na watoto, na ikaagiza itungwe jedwali la viwango, yaani orodha inayolipa kila jeraha asilimia yake kwa kukadiria wastani wa kipato ambacho watu wenye jeraha hilo hupoteza katika kazi za uraiani. Mwaka 1924 watunga sheria walithubutu jambo ambalo pengine ndilo lililokuwa la haki zaidi katika historia hii yote, nalo ni kutaka ulemavu upimwe kwa kulinganisha na kazi aliyoifanya askari kabla ya kuandikishwa, ili kidole cha mpiga fidla kisihesabiwe sawa na kidole cha wakili. Utaratibu huo ulikuwa mzito kuuendesha, na mwaka 1933, serikali ilipobana matumizi katikati ya mdororo mkuu wa uchumi na askari wengi wakapunguziwa au kufutiwa malipo, kipimo cha wastani kilirudishwa.

Jedwali la mwaka 1945 ndilo lililozaa lile linalotumika sasa, ingawa limerekebishwa mara nyingi. Viwango hupanda kwa kumi kumi kutoka 0 hadi 100, na 0 humaanisha kwamba serikali imekiri kuwa jeraha lilitokana na utumishi lakini kwa kawaida hailipi kitu kwa ajili yake. Aliyepoteza kiganja cha mkono anaoutumia zaidi hupewa 70, na wa mkono wa pili 60. Majeraha mengi hayajumlishwi moja kwa moja: mwenye 50 kwa athari za akili na 30 kwa goti huchukuliwa kuwa amebakiwa na nusu ya uzima wake, kisha asilimia 30 ya nusu hiyo huongezwa kwenye 50, ikapatikana 65, ambayo huzungushwa kuwa 70. Mantiki ya hesabu hiyo inaeleweka, kwa kuwa hakuna mtu anayeweza kupoteza zaidi ya uzima wake wote, lakini matokeo yake ni kwamba kila jeraha la ziada huthaminiwa chini ya asilimia yake yenyewe.

Majeraha ya akili yalichelewa kupata nafasi yao. Baada ya vita vya Vietnam, ndipo mwaka 1980 chama cha madaktari wa akili wa Marekani kilipoutambua rasmi ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe.

Viwango vimekuwa pia milango ya stahili nyingine. Anayefikia 30 huongezewa posho ya wategemezi. Aliyeshindwa kudumu kazini huweza kulipwa kama mwenye 100 ikiwa ana jeraha moja la 60, au majeraha yanayofikia 70 kwa pamoja na moja lao likiwa walau 40. Mlango mgumu kuliko yote ni ule wa 50. Sheria ya mwaka 1891 ilikataza mtu kupokea kwa ukamilifu pensheni ya utumishi na fidia ya ulemavu kwa wakati mmoja, na katazo hilo lilipoanza kulegezwa mwaka 2004 kwa waliotumikia miaka 20, walionufaika ni wenye kiwango cha 50 na zaidi. Mwenzao mwenye 40, asipoweza kuthibitisha kwamba ulemavu wake unahusiana na mapigano, bado hukatwa katika pensheni yake kiasi kile kile anacholipwa kwa ajili ya jeraha lake.