Dola Iliyoogopa Hisabu ya Watu Wake

Ndugu msomaji, wazee wetu wamesema: mficha maradhi kifo humuumbua. Tumezoea kuyasema maneno haya juu ya mtu mmoja aliyekataa kumwonyesha tabibu jeraha lake. Leo tuyatazame juu ya dola nzima, tena dola iliyokuwa ikiitisha dunia, nayo ni Urusi ya Kisovieti.

Iko elimu iitwayo sosholojia, yaani elimu ya jamii. Kazi yake ni kuchungua namna watu wanavyoishi: nani ana kazi na nani hana, watu huoana vipi na huachana kwa nini, wanaamini nini, wanalalamikia nini. Mwenye elimu hii huuliza, huhesabu, kisha husema alichokiona. Hapo ndipo penye uzito, kwani kuuliza hupendwa na wengi, lakini jawabu la kweli hupendwa na wachache.

Wakomunisti waliposhika serikali mwaka 1917 walidai kuwa wao ndio waijuao jamii, kwa mafundisho ya Karl Marx. Ungedhani basi elimu ya jamii ingestawi kwao. Haikuwa hivyo. Katika chuo kikuu cha Petrograd alikuwako mwalimu wa sosholojia, jina lake Pitirim Sorokin. Njaa kubwa ilipoingia mwaka 1921, alikwenda vijijini kuitazama kwa macho yake, akaandika kitabu juu ya njaa na yanayompata mwanadamu akikosa chakula. Kitabu kikazuiwa, na mwaka 1922 mwenyewe akafukuzwa nchini pamoja na wataalamu wengine. Akaishia Marekani, na huko ndiye aliyeanzisha idara ya sosholojia ya chuo cha Harvard. Njaa haikuondoka kwa kufukuzwa aliyeieleza.

Ilipofika miaka ya 1930, sosholojia ilikuwa imekwisha kuitwa elimu ya mabepari, na haikufundishwa tena. Lakini serikali haiwezi kutawala bila ya hisabu, na hapa ndipo kilipotokea kisa cha sensa.

Mwaka 1934 Stalin alitangaza mbele ya mkutano wa chama chake kuwa nchi ina watu milioni 168. Mwezi wa Januari 1937 watu wakahesabiwa nchi nzima. Ikapatikana milioni 162 tu! Wengine walikwenda wapi? Jawabu lilijulikana, ila halikuthubutu kusemwa. Serikali ilikuwa imewanyang'anya wakulima mashamba, mifugo na nafaka, na katika njaa ya miaka ya 1932 na 1933 walikufa mamilioni katika Ukraine, kandokando ya mto Volga, na katika Kazakhstan. Wakazakh, Waislamu waliokuwa wafugaji, walipoteza zaidi ya thuluthi ya watu wao katika miaka hiyo.

Tena sensa hiyo iliuliza swali la dini. Baada ya takriban miaka ishirini ya kufunga makanisa na misikiti, watawala walitaraji kuonyesha kuwa dini imekwisha. Watu wazima zaidi ya milioni 55 walijibu kuwa wana dini. Waliosema hawana walikuwa kiasi cha milioni 42. Fikiri, msomaji, ni moyo gani ulihitajiwa kwa maskini wa kijijini kumjibu hivyo karani wa serikali, katika mwaka ambao watu walikuwa wakichukuliwa usiku wasirudi.

Je, watawala walizingatia? Hawakuzingatia. Waliibatilisha sensa, wakasema imeharibiwa na maadui. Olimpiy Kvitkin, aliyesimamia kazi hiyo, alikamatwa na kupigwa risasi mwaka huo huo. Mwaka 1939 watu wakahesabiwa upya, ikatangazwa milioni 170, na swali la dini likaondolewa. Hisabu za 1937 zilifungiwa zaidi ya miaka hamsini.

Stalin alikufa mwaka 1953, na mlango ukafunguliwa kidogo. Mwaka 1958 kikaundwa chama cha wataalamu wa sosholojia. Katika mji wa Leningrad, Vladimir Yadov na wenzake waliwauliza vijana wafanyakazi zaidi ya 2,600 juu ya kazi zao, na mwaka 1968 ikafunguliwa taasisi kubwa Moscow. Lakini Yuri Levada alipochapisha mihadhara yake mwaka 1969, akashambuliwa na kunyimwa cheo cha ualimu. Na mwaka 1972 taasisi ikapewa mkuu mwingine, na wataalamu wengi wakaondoka.

Mwaka 1983 bibi mmoja mtaalamu, Tatyana Zaslavskaya, alisoma ripoti katika kikao cha faragha mjini Novosibirsk. Alisema kuwa utaratibu wa uchumi umechakaa, na wafanyakazi hawana hamu tena ya kazi. Nakala zilitiwa nambari zisipotee. Hata hivyo moja ilivuka mipaka, ikatokea katika gazeti la Marekani. Polisi wa siri wakaanza kusaka nakala. Yaliyomo ndani hayakuwashughulisha. Kisha Gorbachev akaja, na mwaka 1988 bibi huyo huyo akawa anaongoza kituo cha kuuliza maoni ya watu, na Levada yumo pamoja naye. Ruhusa ilikuja, ila ilikuja jioni. Mwaka 1991 dola ikavunjika.

Sisemi kuwa dola ile ilianguka kwa kukosa sosholojia peke yake. Nasema iliishi miaka mingi bila ya kujua inaumwa wapi, kwa sababu ilimwadhibu kila aliyegusa penye kidonda.

Na jambo hili si la wakubwa wa Moscow tu. Baba mkali akiingia nyumbani akauliza, "Hamjambo?" wote humjibu, "Hatujambo," hata kama mtoto ana homa na binti analia jikoni. Yeye hulala akiamini nyumba yake ni salama, kumbe amedanganywa na ukali wake mwenyewe. Basi, ndugu msomaji, ukitaka kuwajua walio chini ya mkono wako, waulize, na anayekujibu usiyoyapenda usimfukuze. Huyo ndiye aliyekuamini.