Gofu, Hame na Shimo la Sirikwa

Mfasiri wa habari za akiolojia akikuta makazi ya kale yaliyoachwa, hukimbilia neno magofu. Gede sawa, Kilwa Kisiwani sawa: kuta zipo. Lakini Engaruka, kaskazini mwa Tanzania chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, kilichobaki zaidi ni mashamba. Takriban hekta 2,000 zilizopangwa kwa mawe na kumwagiliwa kwa mifereji, zikalimwa kati ya karne ya 15 na ya 18, kisha wenyewe wakaondoka. Leo Wamasai huchunga pale. Kiswahili kina neno lake la zamani, hame, wingi mahame: mahali palipohamwa. Gofu huangalia jengo, hame huangalia mtu. Mimi nachagua hame.

Istilahi mbaya huweza kumlaza mtu zizini. Mwanaakiolojia Mary Leakey alipochimba Hyrax Hill, karibu na Nakuru, mwaka 1937 na 1938, yale mabonde madogo yaitwayo mashimo ya Sirikwa, kwa jina la wafugaji wa kale wa huko, yalichukuliwa kuwa nyumba za chini ya ardhi. Baadaye mwanaakiolojia mwenzake John Sutton akaonyesha kuwa yalikuwa mazizi ya ng'ombe. Watu walilala kwenye vibanda vya pembeni.

Neno ninalolihofia zaidi, hata hivyo, ni wazi. “Makazi ya kale kwenye ardhi wazi,” huandikwa hivyo, kana kwamba haina mwenyewe. Kawangware, mtaa wa Nairobi, ardhi ikiitwa wazi, wakazi huuliza imenyakuliwa na nani. Kibera, mtaa mwingine wa Nairobi, jina lenyewe ni la Kinubi, kibra, yaani msitu. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ilitangaza eneo hilo kuwa la jeshi, na ni mwaka 2017 tu ambapo Wanubi walipewa hati ya ekari 288. Hati hiyo inasema ardhi ya jamii, istilahi iliyomo katika Katiba ya Kenya ya 2010, na ndiyo inayofaa malisho ya Engaruka pia.

Julai 2018 tingatinga zilipita Kibera kufungua njia ya barabara. Nyumba za udongo na mabati haziachi gofu. Tuseme basi ni hame? Hapana, maana wale hawakuhama, walihamishwa. Ningeandika “mahali palipobomolewa”, hata mhariri akilalamikia nafasi.