Nguo za Kuazima za Land Rover

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Ni onyo zuri kwa kijana anayetaka kwenda harusini na koti la jirani. Lakini kila nikiisoma historia ya Land Rover, gari ambalo huku kwetu tumelizoea mpaka tunalitaja kama ndugu, naona methali hiyo imekutana na mbishi wake. Gari hili lilizaliwa limevaa nguo za watu. Na wanaolitunza leo, zaidi ya miaka 70 baadaye, bado wanalivika vya kuazima.

Tuanze mwaka 1947. Maurice Wilks, mkuu wa ufundi wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, Wales. Kazi za shamba alizifanya kwa Jeep ya Kimarekani iliyobaki baada ya vita. Fikiria: mtu anayetengeneza magari kwa mshahara, akifika kwake anaendesha gari la wengine kwa sababu kampuni yake haina linalofaa! Ndipo likaja wazo la kutengeneza la kwao. Gari la kwanza la majaribio lilijengwa juu ya chesisi ya Jeep hiyo hiyo, likatiwa injini ya Rover, na usukani ukawekwa katikati.

Hata lilipofika sokoni, uazimaji haukukoma. Land Rover ilioneshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948 ikiwa na injini ya lita 1.6 iliyotoka kwenye gari dogo la kifahari la Rover, P3. Bodi ilikuwa ya aloi ya aluminiamu kwa sababu chuma Uingereza kilitolewa kwa mgao. Wenyewe walidhani ni kazi ya kupitisha wakati tu, miaka miwili mitatu, mpaka biashara ya magari ya kifahari irudi. Yaliyofuata tunayajua.

Sasa, kwa nini kipande cha gari moja kikubali kukaa kwenye gari jingine? Leo tunaona ni jambo la kawaida, ila lilihitaji kuthibitishwa. Mwaka 1908, kwenye uwanja wa Brooklands nchini Uingereza, Cadillac tatu zilifunguliwa zote, vipande vikachanganywa, vingine 89 vikabadilishwa kwa vipya kutoka stoo. Mafundi wakaziunganisha tena, zikawaka, zikaenda maili 500. Hapakuwa na kukwangua wala kupigapiga nyundo ili kitu kiingie. Cadillac ikapewa tuzo ya Dewar. Kuanzia hapo ilieleweka kwamba gari si lazima liwe kama kabati la seremala, ambalo mlango wake hauingii kwenye kabati jingine.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya kibiashara. Viwanda vya Uingereza havikutengeneza kila kitu vyenyewe. Stata, dinamo na swichi zilitoka Lucas, breki Girling, kabureta Zenith au Solex, na saa za dashbodi Smiths. Kampuni hizo ziliuza kwa Rover, zikauza pia kwa washindani wake. Ndiyo maana fundi mzoefu hatafuti jina lililo kwenye boneti. Anakigeuza kipande, anakisugua grisi, anasoma jina na namba ya aliyekitengeneza. Taa ya mbele ya duara ya inchi 7 ni mfano mwepesi: ile ya Land Rover ni saizi moja na ya Mini na ya MGB. Ukiikosa kwenye duka la Landrova, huna haja ya kulia.

Ndani ya ukoo wenyewe, kuazimana ni kwingi zaidi. Land Rover fupi ya 88 ilikuwa na dramu za breki za inchi 10, na ile ndefu ya 109 za inchi 11. Wenye fupi wengi wamechukua breki za mbele za ndefu, gari likasimama vizuri zaidi. Gia boksi ya Series III, ya mwaka 1971, ina gia zote zinazoingia bila kulalamika, na inaweza kukaa kwenye Series IIA. Ila mfumo wa klachi umebadilika, kwa hiyo inabidi uichukue pamoja na sehemu yake ya klachi, usije ukabaki na vipande viwili visivyosalimiana.

Mtego mkubwa uko kwenye kitu kidogo kabisa: bolti. Land Rover za mwanzo zilitumia uzi wa zamani wa Kiingereza, za baadaye zikafuata uzi wa inchi unaotumika pia Marekani, kisha magari mapya yakaingia kwenye milimita. Kwa macho zinafanana. Bolti inaingia mizunguko miwili, mtu anaongeza nguvu, na uzi wa kwenye bloku unakwisha. Historia nzima ya Uingereza kuachana na vipimo vyake imo ndani ya tundu hilo lililoharibika.

Nayasema haya kwa sababu nyumbani kwetu lipo moja. Ni Series III ndefu ya marehemu baba, na bloku ya injini yake ya petroli ya lita 2.25 imepasuka. Tulikaa kikao cha familia, na kikao kikawa kama msiba wa pili. Kaka alitaka injini ya Kijapani, kwa sababu spea zake ziko kila kona na mafuta hailambi. Dada akasema, "Mkitoa injini mmemtoa baba. Liacheni lilivyo." Mama alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza swali moja tu: "Likiachwa hivyo, litamsaidia nani?"

Fundi aliyelihudumia tangu enzi za baba akaleta neno la tatu: injini ya dizeli ya 200Tdi kutoka Discovery iliyogongwa. Hapo ndipo nilipoanza kusoma. Injini hiyo ilitoka mwaka 1989, lakini ukoo wake ni mrefu. Kabla yake ilikuwepo dizeli ya turbo ya 1986, kabla ya hiyo ya lita 2.5, na nyuma yake kabisa dizeli ya lita 2.25 ya 1961, ndugu wa damu wa ile ya petroli iliyotupasukia. Ndiyo sababu inaweza kufungwa kwenye gia boksi ya Series bila kuundiwa kiunganishi kipya. Kwa ufupi, mjukuu anarudi kwenye nyumba ya babu.

Si kwamba anaingia bila maneno. Turbo ya Discovery imekaa mahali panapogombana na chesisi, mabomba ya eksozi lazima yatengenezwe upya, na nguvu ikiongezeka breki na ekseli nazo zinaulizwa maswali. Dada alipoyasikia hayo yote pamoja na ule ukoo, alikubali kwa sharti moja: injini ya baba isiuzwe skrepa. Ipo stoo, imefunikwa turubai.

Wapo watakaosema basi hilo si gari halisi tena. Nawaheshimu. Gari lililobaki kama lilivyotoka kiwandani ni ushahidi, na ushahidi hauchezewi. Lakini naomba nao wakumbuke kwamba injini ya V8 iliyoipa Range Rover ya 1970 sifa zake ilianza maisha ndani ya Buick ya Marekani mwaka 1961, ikaachwa, Rover wakanunua haki ya kuitengeneza. Mhandisi wa kiwandani akiazima tunaita ubunifu. Fundi wa chini ya mwembe akiazima tunaita kubahatisha. Kazi ni ile ile: kujua nini kinafanana na nini, na kwa sababu gani.

Tofauti iko kwenye maandishi. Kiwanda kilichapa vitabu vya spea, kila nati na namba yake. Fundi wetu anajua vinavyoingiliana kwa mikono yake tu, na siku akiondoka, anaondoka na kitabu kizima. Kwa hiyo nimenunua daftari. Ukurasa wa kwanza unasema gari lilitoka na nini, wa pili limetiwa nini, lilitoka gari gani, na jina la aliyelifunga. Daftari linakaa ndani ya gari, chini ya kiti cha dereva.