Mwali, Taji na Tamthilia

Kwa Wakaguru na Wasagara wa Kilosa ukoo huhesabiwa upande wa mama, na uzuri wa binti ulikuwa jambo la ukoo kabla ya kuwa la mtu mwingine. Aliyevunja ungo aliwekwa ndani, akafundwa na wanawake wazee, kisha akatolewa kwa ngoma, amepambwa na kuvishwa shanga. Wachumba walitazama. Mahari, hata hivyo, iligawanywa kati ya upande wa baba na upande wa mjomba, na bila hao hapakuwa na posa.

Shindano lenye taji lilitoka mjini. Theresa Shayo alikuwa Miss Tanzania wa kwanza mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha; mwaka uliofuata serikali ikapiga marufuku mashindano hayo. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Hoja iliyotolewa ilikuwa utamaduni. Yumkini kilichoudhi zaidi ni binti kutazamwa na umati usio na undugu naye wala nia ya kuposa.

Taji lilirudi mwaka 1994, likaenda kwa Aina Maeda, na muda si mrefu warembo wakaanza kuingia kwenye filamu. Wema Sepetu, mshindi wa 2006, aliigiza mapenzi na Steven Kanumba katika A Point of No Return. Korea Kusini njia hiyo ilikwisha kuzoeleka: Miss Korea ilianzishwa na gazeti la Hankook Ilbo mwaka 1957, na Ko Hyun-jung, mshindi wa pili wa 1989, akawa nyota wa tamthilia ya Sandglass ya 1995. Lee Ha-nui alivishwa taji mwaka uleule wa Wema, naye akageukia uigizaji.

Huko Kilosa, katika miji ya njiani kama Mikumi, iliyo kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia, filamu za Bongo na tamthilia za Kikorea zilifika kwa mkondo mmoja: diski za wamachinga na vibanda umiza, yaani vibanda vya kuonyeshea video. Baadhi zilikuwa na sauti ya mtafsiri anayesimulia kwa Kiswahili juu ya maneno ya waigizaji, ufundi uliompa jina Derek Mukandala, maarufu Lufufu.

Mapenzi ya maskini na tajiri hayakuwa mageni huko. Joseph Haule, yaani Profesa Jay, mbunge wa Mikumi kuanzia 2015 hadi 2020, aliimba Zali la Mentali, kisa cha kijana fukara anayependwa na mwanamke mwenye mali. Kigeuze, ni Boys Over Flowers ya 2009: binti wa dobi anapendwa na mrithi wa kampuni kubwa, na mama mtu hataki kusikia. Wapenzi hao huafikiana. Vipindi vingi vinavyobaki ni vya mama mkwe, nasaba na mali, mambo yaleyale yaliyokuwa yakijadiliwa na wazee wa Ukaguru mwali alipotolewa nje.