Kabla ya Makontena ya Kwala, Ilipita Manowari Ndani ya Masanduku

Leo tuanze na zile video zinazokuja kwenye simu saa sita usiku wakati ulishasema unalala. Kuna moja ya wazee wa Kimarekani, kaptula na vitambi, wamesimama kwenye bwawa wakipigana vita vya majini kwa rimoti. Meli zao ni modeli za manowari za kweli, na zinapigana kweli.

Nimeingia ndani zaidi kuufuatilia huu mchezo, na kumbe una akili nyingi. Modeli nyingi zinajengwa kwa kipimo cha moja kwa 144, yaani manowari ya mita 250 unaipata ikiwa na mita 1.7 hivi, kubwa kuliko wewe na mimi tukilala chali. Ubavu wake unafunikwa kwa balsa, mbao laini sana, makusudi kabisa ili utoboke. Ndani kuna betri, mota, pampu ya kutoa maji, na vimizinga vinavyofyatua gololi za chuma kwa nguvu ya gesi. Ukitobolewa sana, pampu inazidiwa na chombo kinazama. Mwenyewe anavua viatu anaingia kukitafuta.

Shida kubwa ya mchezo huu ni kufunga silaha. Uzito ukikaa juu, meli inalala ubavu. Mzinga ukiwa mkubwa kuliko chombo, unapofyatua wewe mwenyewe ndiye unayeumia.

Sasa shikilia hilo wazo, maana nataka nikupeleke Kwala.

Hapo hapo Kwala

Ukipanda SGR kutoka Dar kwenda Morogoro, ukishapita Soga, kabla hujafika Ngerengere, chungulia dirishani. Utaona makontena. Hiyo ni bandari kavu ya Kwala, wilaya ya Kibaha, aliyoizindua Rais Samia tarehe 31 Julai 2025. Mzigo unashuka bandarini Dar, unapakiwa kwenye treni, unaletwa Kwala, na kutoka hapo unaelekea bara na nchi jirani. Watu wengi wanaona ni kitu kipya kabisa.

Wazo lenyewe lina zaidi ya miaka 100. Pembeni kuna ile reli ya zamani, ya mita moja, iliyoanza kujengwa Dar mwaka 1905 wakati wa Mjerumani. Ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma mapema 1914. Chochote kilichokwenda Kigoma kwa treni kutoka Dar lazima kilipita ukanda huu wa Ruvu, huku huku Kwala.

Na mwaka 1914 kilipita kitu ambacho hata leo kikipita, wote tutatoa simu. Ilipita meli.

Meli ndani ya masanduku

Ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, kwenye karakana ya Meyer mjini Papenburg. Waliiunganisha kwa bolti, wakahakikisha kila kipande kinakaa, halafu wakaifungua yote. Vipande vikaingia kwenye masanduku yapatayo 5,000. Masanduku yakapanda meli nyingine mpaka Dar, yakashushwa, yakapandishwa treni kwa safari ya zaidi ya kilomita 1,200 mpaka Ziwa Tanganyika. Jina lake Graf von Götzen, kwa heshima ya gavana aliyekuwa madarakani wakati Vita vya Maji Maji vinazimwa kwa damu na njaa. Ndiyo hivyo, wakoloni walikuwa wanajipongeza bila aibu.

Karakana ilituma mafundi watatu kwenda kuiunganisha upya: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Majina yao yapo mpaka leo, ukitafuta unayapata. Lakini jiulize mdau, watu watatu wanashusha masanduku 5,000? Wanashikilia bamba la chuma jua la Kigoma, huku wanagonga ribiti moja moja kwa mkono mpaka meli ya mita 70 inasimama? Haiwezekani. Kazi ile ilifanywa na vibarua wa Kiafrika na mafundi wa Kihindi. Simulizi nyingi zinawaita "wafanyakazi" tu, basi, zinaendelea na stori ya Wajerumani.

Meli ikaingizwa majini tarehe 5 Februari 1915. Ilikuwa imechorwa kubeba abiria na mizigo, lakini vita ya kwanza ya dunia ilikuwa imeshaanza. Wakubwa wakaamua iwe manowari. Swali likabaki lile lile la wazee wa bwawani: silaha tunapata wapi, na tunaifungaje?

Mzinga kutoka Rufiji

Jibu lilikuwa kwenye tope la Rufiji. Manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg ilikuwa imejificha kwenye delta, kwenye mikoko, baada ya kuizamisha meli ya Waingereza, Pegasus, pale Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914. Waingereza waliisaka miezi na miezi. Mwisho wakaleta meli mbili zenye kina kifupi, Severn na Mersey, na ndege za kuwaonyesha risasi zinaangukia wapi. Tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ikaisha. Wenyewe wakailipua.

Lakini ilikuwa na mizinga 10 ya milimita 105, na Wajerumani hawakutaka kuiacha. Mtutu mmoja peke yake ni tani moja na nusu hivi. Hakuna kreni wala barabara ya lami. Mizinga ikatolewa majini na kuburutwa kwa kamba kupita vichaka na mabonde mpaka Dar, na waliovuta zile kamba walikuwa mamia ya Waafrika. Kwenye karakana ya reli Dar ikatengenezewa magurudumu ili ipigane nchi kavu. Mmoja ukapakiwa treni kwenda Kigoma.

Kwa hiyo ukanda wa Kwala uliona mara mbili: kwanza meli ikapita vipande vipande, halafu mzinga wake ukafuata nyuma. Bandari kavu ya vita kabisa.

Mzinga ule ulikuwa unatupa kombora la kilo 17 umbali wa kilomita 12. Ziwani hakukuwa na chombo cha kuusogelea.

Mimi na Toutou

Upande wa pili, Waingereza walikuja na vitu vidogo mno: boti mbili za injini, kila moja futi 40 tu. Majina yake Mimi na Toutou, yaani ni kama mtu kuita paka nyau na mbwa wowo, kwa Kifaransa. Hebu fikiria mpagazi anayejua Kiswahili anaambiwa boti inaitwa Mimi. Nani? Mimi!

Boti zikasafirishwa mpaka Cape Town, zikapanda treni mpaka Kongo, halafu zikaburutwa kwenye milima ya Mitumba kwa matrekta ya mvuke, ng'ombe na watu. Walikata njia, wakajenga madaraja ya magogo. Kiongozi wao, Spicer-Simson, anakumbukwa kwa kuvaa sketi kambini. Waliomkatia njia hawakumbukwi.

Nazo zilifungwa silaha: mzinga mmoja mdogo mbele na bunduki ya mashine nyuma. Hapa ndipo fizikia ya bwawani inarudi. Ule mzinga mdogo ulipokuwa unafyatuliwa ulitikisa boti vibaya, ikabidi walenge moja kwa moja mbele, la sivyo chombo kingeumia. Hata hivyo walifanikiwa. Tarehe 26 Desemba 1915 wakaikamata Kingani ya Wajerumani, na tarehe 9 Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann.

Kesho yake Götzen ikapita, kubwa, na mzinga wake. Spicer-Simson akakataza watu wake wasiifuate. Ungekuwa wewe ungeenda?

Mzinga wa mbao

Sasa sikia sehemu inayonichekesha na kunisikitisha kwa pamoja. Vita ilipowabana nchi kavu, Wajerumani wakauhitaji ule mzinga. Wakaung'oa kwenye meli. Mahali pake wakaweka wa bandia, wa mbao. Juni na Julai 1916 ndege za Wabelgiji zikaja kuishambulia pale Kigoma, na juu ya sitaha umekaa mdoli.

Yaani fikiria. Leo wazee wa Marekani wana meli za kuchezea zenye mizinga inayopiga. Mwaka 1916 Kigoma ilikuwa na meli ya kweli yenye mzinga wa kuchezea.

Tarehe 26 Julai 1916 mafundi wakapaka mashine grisi nzito ili zisioze, wakaizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Ile grisi ilifanya kazi. Mwaka 1924 Waingereza wakaiibua, wakaitengeneza, na tarehe 16 Mei 1927 ikarudi kazini na jina jipya. Jina hilo unalijua: Liemba.

Ndiyo, Liemba yenyewe! Ile iliyobeba dagaa, mananasi, bibi harusi na wanafunzi wa mwambao kwa miongo. Ile iliyobeba wakimbizi wa Burundi mwaka 2015. Hollywood nao walichukua stori hii ya ziwani, wakaigeuza geuza, ikatoka filamu ya The African Queen mwaka 1951, na Humphrey Bogart akabeba Oscar.

Nani hajabeba kitu?

Mizinga ya Königsberg ipo. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, mwingine Pretoria. Unaenda, unapiga selfie, kibao kinakuambia umetoka meli gani. Hakikuambii nani aliuvuta kutoka kwenye tope.

Katika vita ile wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na magonjwa. Kikosi cha wapagazi cha Waingereza kiliitwa Carrier Corps, midomo yetu ikakigeuza kuwa Kariakoo. Kila ukienda kununua viatu kule, unawataja bila kujua. Na ile sanamu ya Askari pale Posta iliwekwa mwaka 1927, mwaka ule ule Liemba inarudi majini. Askari ana bunduki, ana kofia, amesimama vizuri. Jina hana.

Mimi sina jina la hata mmoja wa waliopakia yale masanduku. Ila najua njia waliyopita mizigo yao, na wewe sasa unaijua. Siku ukiwa kwenye SGR, ukiona makontena ya Kwala, na vijana wenye viakisi mwanga wanayafunga na kuyafungua, wape salamu kwa dirisha. Kazi ni ile ile, angalau hawa wana orodha ya mishahara yenye majina yao.

Haya, uwanja ni wenu. Kuna mwenye babu au bibi aliyewahi kusimulia habari za reli, upagazi au Liemba? Andika jina lake hapo chini. Jina tu linatosha, tuanzie hapo.